Wakwe wanakuja Jumamosi, nataka kuweka mguu mzima wa mbuzi mezani. Naombeni mwongozo

Mkwe wa Kongwa | Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Jumamosi ijayo baba mkwe na mama mkwe wanakuja kula chakula cha usiku kwangu, Tabata, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yao. Wanafuatana na mashemeji wawili, shangazi wa mke wangu na watoto wawili. Pamoja na sisi tunafika tisa. Mke wangu siku hiyo yuko zamu mpaka saa kumi na moja jioni, kwa hiyo jikoni ni mimi. Vitu vya kawaida napika vizuri tu, pilau yangu haijawahi kurudi jikoni.

Sasa pilau ndiyo sitaki. Pilau wataikuta kila nyumba watakayopita hapa mjini. Nataka sinia katikati ya meza, mguu mzima na mfupa wake, mtu akiingia ajue leo kuna shughuli. Shida zangu ni hizi: baba mkwe kafuga mbuzi huko Kongwa maisha yake yote, nikimpa mbuzi mbovu atamjua kabla hajavua kofia. Halafu magego hana. Meno ya mbele yapo, ya nyuma yalishakwenda, kwa hiyo nyama ya kung'ang'ania haifai. Na mimi sijawahi kuoka kitu kizima zaidi ya kuku.

Vifaa: jiko la pleti nne lenye oveni ya umeme chini, jiko la mkaa moja, sufuria kubwa ya shughuli. Nichukue mbuzi, kondoo au ng'ombe? Na napikaje?

Kijiko Kirefu | saa 2:51 usiku

Mwanaume kuwapikia wakwe, haya enzi zetu hayakuwepo. Nimevuta kigoda, nasubiri.

Dada wa Mbezi | saa 2:55 usiku

Hayakuwepo ndiyo maana mlikuwa mnakula mnachopewa. Mleta uzi usimsikilize huyo. Ila picha lazima.

Fundi wa Gogo | saa 3:30 usiku

Naendesha bucha mwaka wa kumi na nne huu. Hilo gogo ni la kukatia nyama, si kabila, nasema mapema maana naona Kongwa, kwa Wagogo, imetajwa.

Mkuu, chukua mbuzi. Mzee aliyefuga mbuzi mpe mbuzi, ukimpa kitu kingine atadhani umeogopa. Lakini ukifika buchani usiseme "nipe mguu". Sema unataka miguu miwili ya nyuma, ya mbuzi mmoja, ili iive sawasawa. Na huyo mbuzi awe wa kuhasiwa, au jike ambaye hajazaa. Beberu mzima mwachie mwenyewe. Harufu yake iko kwenye mafuta na kwenye ngozi, na mchunaji akishika ngozi kisha akashika nyama bila kunawa, hata jike atanuka beberu. Kwa hiyo nusa. Usione haya, inama unuse. Mteja anayenusa tunamheshimu. Anayeuliza "eti hii ni laini?" huyo tunamuuzia chochote, kwa sababu jibu letu siku zote ni ndiyo.

Umri tazama mfupa. Mbuzi mdogo, pale kwenye kiungo gegedu lina wekundu na unyevu, na mfupa una rangi ya pinki kidogo. Mzee mfupa wake mweupe, mkavu kama chaki. Mafuta yawe meupe, yameshikana. Ukiona nyama ina weusi na inanata kwenye vidole, mnyama huyo aliteseka sana njiani kabla ya kuchinjwa, mpite. Na uone wino wa mkaguzi wa nyama kwenye paja, kama haupo uliza upo wapi.

Mbuzi wetu ni wadogo, mguu wa nyuma wa kilo moja na nusu mpaka mbili ndio saizi yake. Ukitajiwa mguu wa kilo tatu, ama ni beberu aliyezeeka ama ni chotara wa Boer, ile mbegu ya mbuzi wakubwa wa nyama. Piga hesabu hivi: mguu wa kilo 1.8, mfupa unachukua robo, na moto unakula kama theluthi ya kinachobaki. Unabaki na gramu 900 za kula. Miguu miwili kwa watu tisa ni gramu 200 kila mtu. Inatosha na heshima inabaki.

La mwisho na ndilo kubwa: nunua Alhamisi, upike Jumamosi. Nyama ya mnyama aliyechinjwa leo inakakamaa. Misuli inajikaza saa chache baada ya kuchinja, kisha inaanza kulegea yenyewe taratibu. Ukiipika ikiwa imekaza, utatafuna mpaka Jumatatu. Na watu wana kosa lingine baya zaidi, wanatoka bucha nyama ina joto la mnyama bado, wanaitupa kwenye friza. Baridi ya ghafla inaikunja misuli, siku ukija kuiyeyusha una raba. Iache ipoe, kisha iweke friji ya kawaida, juu ya sahani, ifunike kidogo tu ipate hewa.

Mtu wa Athi | saa 3:58 usiku

Niko Kenya, na nitasema ukweli hata kama Fundi atakasirika. Mbuzi ni wa kuchoma. Kwa oveni, kondoo anamshinda mbuzi mara mia. Mbuzi hana mafuta, ukimuingiza kwa oveni anakauka kama kiatu. Kondoo anajipaka mafuta mwenyewe. Tafuta kondoo wa Dorper, mbegu ya nyama, awe mchanga, mguu wa kilo mbili na kitu, saa moja na nusu umemaliza, unakaa na wageni badala ya kukaa na jiko.

Ubaya wa kondoo ni mmoja tu, mafuta yake yanaganda upesi. Sahani ikiwa baridi yanakwama mdomoni kama mshumaa. Pasha sahani kwanza.

Fundi wa Gogo | saa 4:05 usiku

Sijakasirika. Kondoo wako wa saa moja na nusu unakatwa vipande vyembamba na unatafunwa. Mzee hana magego, soma uzi vizuri.

Mzee wa Kidari | Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mnabishana mbuzi na kondoo wakati ng'ombe amesimama. Kidari cha ng'ombe, kipande kimoja cha kilo nne, hakijakatwakatwa. Ukikiweka kwenye moto mdogo saa tano au sita kinaachia chenyewe, mtu asiye na jino hata moja anakula. Na ni bei nafuu kuliko miguu miwili ya mbuzi. Ukitaka kumaliza kabisa ongeza nundu juu yake, yale mafuta ya nundu yanashuka taratibu yanakilainisha kidari.

Watu wanakimbilia sarara kwa sababu ni laini na ina bei. Sarara ya kuweka mezani nzima inataka mtu anayekula nyama ina wekundu katikati. Mpe baba mkwe wa Kigogo nyama ina damu uone kama atakuachia mke.

Dada wa Mbezi | saa 1:02 asubuhi

Kidari kitamu sina ubishi, ila mezani hakina sura. Kinafanana na godoro. Kaka anataka mguu uonekane mguu.

Bint wa Maskati | saa 7:15 mchana

Assalaam aleikum. Mie niko Oman, wazee wangu wa Unguja. Huku siku ya Idi kuna kitu kinaitwa shuwa, na nyie mnaozungumza nyama ya kulainika mtaelewa. Nyama inapakwa viungo, saumu na siki, inafungwa majani ya mgomba makavu, inatiwa kwenye kifuko kilichosukwa kwa majani ya mtende, halafu inatumbukizwa kwenye tanuri la chini ya ardhi lenye makaa, linafunikwa na kuzibwa kwa udongo. Siku nzima, wengine siku mbili. Mara nyingi tanuri ni moja mtaa mzima, kila nyumba inatia alama kifuko chake. Ikitolewa husogezi kisu, mfupa unauvuta unatoka mtupu.

Sikwambii uchimbe shimo Tabata. Nakwambia ulichukue lile wazo. Nyama inalainika kwa sababu zile nyuzi ngumu za kwenye viungo vya mnyama zinayeyuka zikipata joto la taratibu kwa saa nyingi, na unyevu haupati pa kutokea. Mguu uufunge kwa jani la mgomba ulilopitisha kwenye moto likalegea, juu yake foili mbili, oveni nyuzi 150 au 160, saa tatu na nusu mpaka nne. Kama una themometa ya nyama ichome katikati ya paja bila kugusa mfupa, ukiona 90 na kitu umefika. Usishtuke wazungu wanaposema 60. Hiyo ni ya kondoo wao mchanga na meno yao kamili.

Chumvi ipake Ijumaa usiku, si Jumamosi. Gramu 12 kwa kila kilo, yaani vijiko viwili vya chai vya kusawazisha. Inaingia ndani yenyewe kufika asubuhi.

Kijana wa Ilala | saa 7:40 mchana

Mkuu weka papai bichi, lisage, paka usiku kucha. Nyama itakuwa siagi.

Fundi wa Gogo | saa 8:10 mchana

Usiku kucha hapana! Papai linafanya kazi juu tu, haliingii ndani. Ukililaza, asubuhi nje una uji na ndani nyama iko vilevile. Kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, saa moja au mbili, unaosha. Kwa mguu wa kupikwa saa nne sioni hata kazi yake.

Bibi Makaa | saa 11:50 jioni

Wanangu, mimi niko Tanga na oveni sijawahi kumiliki. Nimeoza watoto watano, na nyama nzima nimepika kwenye sufuria.

Mkate wa kumimina mnaujua unavyopikwa, moto chini na moto juu. Mguu wa mbuzi ni hivyohivyo. Sufuria nzito, chini panga vipande vya bua la mgomba au mifupa ili nyama isikae kwenye kitako ikaungua. Tia maji kikombe na nusu, vitunguu maji vinne umekata vikubwa, tangawizi umeponda. Weka mguu, funika, ziba ukingo kwa unga uliokandwa kama wa chapati. Chini makaa machache sana, yanachungulia tu. Saa tatu huna haja ya kufunua. Baadaye unabandua ule unga, unatazama maji, kisha unapalia makaa juu ya mfuniko, mengi, na chini unapunguza yanabaki kidogo kabisa. Nusu saa hiyo ndiyo inaleta rangi.

Mbuzi wa kwenye sufuria hakauki, maana hana pa kupeleka maji yake. Wewe mwenye oveni unaweza kuiweka akiba hii, siku haina mwenyewe.

Kijiko Kirefu | saa 12:15 jioni

Bibi umenikumbusha mbali. Shikamoo.

Bibi Makaa | saa 12:40 jioni

Marahaba mwanangu.

Mkwe wa Kongwa | Jumanne, saa 2:05 usiku

Wakuu shukrani sana, nimekopi kila kitu kwenye daftari. Mrejesho wa kwanza, na msinicheke.

Nikaona nifanye jaribio kabla ya siku yenyewe. Leo nimepita bucha moja njiani, nikachagua mguu, nikanusa kama nilivyoelekezwa (jamaa kanitazama kama nimechanganyikiwa), nikamwambia nataka mzima. Akasema sawa. Simu ikaita, nikageuka kupokea, nasikia nyuma yangu pa! pa! pa! Kugeuka, mguu uko vipande kumi na mbili kwenye mzani. Namwambia kaka si nimekwambia mzima? Ananijibu, "Ndiyo bosi, mzima, nimekukatia wote."

Nimekula mchuzi. Ulikuwa mtamu, sisemi.

Fundi wa Gogo | saa 2:20 usiku

Nimecheka hadi mteja kauliza kuna nini. Mkuu, mkono unajikatia wenyewe, siku nzima mtu anakata, panga lishazoea. Neno "mzima" kwetu maana yake unalipia wote. Sema "usiguse gogo". Nyama itoke kwenye ndoano, ipite kwenye mzani, iingie kwenye mfuko wako. Msumeno mwambie apitishe sehemu moja tu, kule chini penye kwato, mfupa usizidi urefu wa trei yako. Trei umepima?

Mkwe wa Kongwa | saa 2:26 usiku

Nimepima. Sentimita 42 kwa 33. Mguu unaingia.

Mkwe wa Kongwa | Jumatano, saa 4:30 usiku

Jaribio la pili. Mguu umetoka mzima safari hii, nilisimama mbele ya gogo mwenyewe. Kosa langu ni kwamba mbuzi alichinjwa leo asubuhi na mimi nimeuingiza kwenye oveni saa tisa, kwa kufuata maelezo ya mtandaoni ya kondoo: nyuzi 200, wazi, saa moja na nusu. Nje ukapendeza kweli, picha ningewawekea. Ndani sasa. Mke wangu kakata kipande, katafuna, katafuna, akainuka kwenda kujibu simu ambayo haikuita.

Fundi, Bint wa Maskati, nimewaelewa. Kesho naenda kununua ya kweli na inakaa friji.

Mtu wa Athi | saa 4:41 usiku

Hiyo haikuwa kosa la kondoo. Nasema tu.

Bint wa Maskati | Alhamisi, saa 6:30 mchana

Pole kaka. Viungo umeshaamua? Usije ukatia kila kilichomo kabatini. Mbuzi mzuri anataka saumu, tangawizi, pilipili manga, binzari nyembamba na giligilani, hivyo viwili vya mwisho uvikaange vikavu kwanza ndiyo uvitwange. Mtindi kikombe ili vishike. Karafuu mbili tatu basi, karafuu ikizidi nyama inanukia dawa ya meno.

Dada wa Mbezi | saa 6:52 mchana

Na dakika kumi za mwisho paka ukwaju uliokoroga na asali. Unang'aa hatari. Usipake mapema, asali kwenye moto mkubwa inaungua inakuwa chungu.

Mkwe wa Kongwa | Ijumaa, saa 3:15 usiku

Miguu miwili, jike ambaye hajazaa, kilo 1.7 na 1.8. Gegedu lina wekundu. Nimeinusa mpaka nimejisikia mjinga. Iko friji tangu jana. Leo usiku nimepaka chumvi, nimetoboa kwa ncha ya kisu matundu ishirini hivi kila mguu na kusindilia saumu. Mtindi na viungo kesho asubuhi. Nalala.

Kijiko Kirefu | Jumamosi, saa 5:00 usiku

Mleta uzi uko wapi? Tumekaa hapa.

Dada wa Mbezi | saa 5:44 usiku

Akitoroshwa na wakwe tutajulishwa.

Mkwe wa Kongwa | Jumapili, saa 4:10 asubuhi

Nipo hai. Mrejesho kamili huu hapa, chukueni chai.

Saa saba mchana natoa miguu friji ipungue baridi. Saa nane nawasha oveni, nyuzi 160. Natandaza majani ya mgomba, nafunga mguu wa kwanza, foili juu, naweka kwenye trei. Nafunga wa pili, naweka pembeni yake. Hauingii. Nageuza kichwa na mkia, hauingii. Nalaza mmoja juu ya mwenzake, mlango wa oveni haufungi. Nilipima mguu mmoja, wakuu. Mmoja! Mapaja mawili yakilala pamoja yanataka nafasi ambayo rula yangu haikuniambia.

Nimesimama pale jikoni na mguu wa mbuzi mkononi kama rungu. Ndipo nikamkumbuka Bibi Makaa.

Sufuria ya shughuli nikaitoa juu ya kabati. Bua la mgomba nilikuwa nalo kwa sababu majani nilikata kwa jirani na nilichukua kipande kizima. Mguu wa kilo 1.8 ukaenda kwenye sufuria, maji kikombe na nusu, vitunguu, unga nikaukanda nikaziba. Jiko la mkaa likakaa kibarazani. Sasa nina mitihani miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa umeme mmoja wa mkaa.

Saa kumi na moja mke wangu anaingia kutoka kazini, ananikuta nimechuchumaa kibarazani napepea. Hakusema kitu. Alichukua ufagio akafagia majivu yaliyonizunguka, akaenda kuoga.

Saa kumi na moja na nusu nafungua foili ya oveni. Mfupa ulikuwa umeitoboa kule mwishoni, mvuke umetoka kupitia pale saa zote hizo. Paja liko vizuri, ila muundi umekauka. Nikapandisha 220, dakika kumi wazi, kisha ukwaju na asali dakika kumi nyingine. Rangi ikaja, nasema kweli, kama mguu wa kwenye kalenda.

Wa kwenye sufuria nikabandua unga, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Hapo nilikosea, chini sikupunguza vya kutosha, nikaanza kusikia harufu. Nikakimbilia koleo. Vitunguu vya chini vilikuwa vimeshashika, lakini nyama ilikuwa imekaa juu ya bua, haikuguswa. Rangi yake haikulingana, upande mmoja hudhurungi, mwingine bado. Kwa sura huu ulikuwa wa pili, mbali.

Nikaifunika yote miwili ipumzike nusu saa. Mchuzi wa sufuria nikauchuja, nikaengua mafuta, nikaupunguza kwenye moto na ndimu nusu.

Wageni wakafika saa moja. Nimeweka sinia mbili, wa oveni katikati, wa sufuria nimeusogeza upande wa watoto kwa aibu. Kisu nimekinoa tangu Alhamisi. Mzee ananawa, anatazama, anauliza mama yupo wapi, kila mtu anakaa. Nasimama na kisu nianze kumkatia wa katikati, ananiambia, "Huo waache vijana wenye meno. Ule pale unatoa mvuke." Akasogezewa. Akachukua kijiko, hakutaka kisu, akagusa paja, nyama ikaanguka yenyewe. Nikarudisha kisu mezani taratibu.

Alikula. Sijamwona mzee yule akila vile hata kwenye harusi yetu. Wali wa nazi niliopika akaonja kwa adabu, kisha akamuuliza binti yake kwa Kigogo kitu ambacho sikukielewa, mke wangu akainuka akaenda kusonga ugali wa uwele. Unga huo mama mkwe alikuja nao kwenye mkoba! Na mlenda mkavu. Kwa hiyo somo la pembeni, wakuu, ulizeni mapema wageni wanakula na nini.

Mwisho akashika mfupa, akaugeuza taratibu kwenye taa, akatazama kile kichwa cha mfupa kinachoingia nyongani. Akasema, "Huyu mtamba. Mwaka na miezi." Kisha akaniuliza nilimnunua kwa nani, nikamweleza, akasema, "Ulimnusa?" Nikasema nilimnusa. Akatikisa kichwa, akauweka mfupa kwenye sahani.

Mashemeji walimaliza wa oveni wote, muundi uliokauka waliugombania. Picha ni ya ule wa oveni peke yake, wa sufuria ulikwisha kabla sijakumbuka simu.

Fundi wa Gogo | saa 4:25 asubuhi

"Ulimnusa?" Huyo mzee nataka aje bucha kwangu. Hongera mkuu. Siku nyingine foili kwenye ncha ya mfupa weka tambara la jani lililokunjwa kwanza, haitatoboka.

Mzee wa Kidari | saa 4:40 asubuhi

Ungepika kidari ungetumia sufuria moja. Lakini hongera.

Bint wa Maskati | saa 5:12 asubuhi

MashaAllah. Yale mafuta uliyoengua usimwage, yana viungo vyote. Kaangia vitunguu vya wali wa mchana.

Mtu wa Athi | saa 5:30 asubuhi

Nakubali. Kwa hiyo sufuria tu. Krismasi najaribu na kondoo.

Bibi Makaa | saa 6:05 mchana

Mwanangu umenifurahisha. Nilikwambia chini yabaki kidogo kabisa, ukasoma nusu. Haya, hiyo sufuria imetoka vipi?

Mkwe wa Kongwa | saa 6:20 mchana

Bibi, iko kibarazani, nimeiloweka na majivu na maji ya moto tangu jana usiku. Ni sufuria aliyopewa mke wangu na mama yake kwenye kitchen party. Mama mkwe amepita hapo asubuhi hii mara mbili, ameitazama, hajauliza.